Nani Kapandisha Bei?

Mpenzi msomaji, ukishuka matatu kwenye barabara ya Jogoo saa kumi na moja alfajiri, ukaingia Mbotela kwa miguu, utatuona mimi na mama kabla hujaziona nyumba vizuri. Ule mwanga mwekundu ni jiko letu la makaa. Mama husimamia karai la mafuta, mimi husukuma na kukata, na kando yetu pana bunda la magazeti makuukuu lililokandamizwa kwa jiwe, upepo usije ukalibeba hadi Makongeni. Magazeti hayo hatuyanunui ili tuyasome. Tunayanunua kwa kilo, ya kufungia mandazi.

Ila mimi huyasoma. (Mwalimu wa Bayolojia akijua kwamba tunafungia chakula kwa karatasi yenye wino ataniita ofisini, nami namwomba radhi mapema.) Nilianza nikiwa darasa la nne, nikitafuta vikatuni, na kabla sijajua nikawa nasoma hata zile kurasa za biashara ambazo watu wengi huziruka. Elimu yangu ya mambo ya dunia basi imekuwa ya vipande vipande. Najua habari nyingi ambazo mwisho wake ulikwenda na mteja, na majibu ya chemshabongo ambazo maswali yake sijawahi kuyaona.

Mlezi wa chama chetu alipotutaka kila mmoja aandike jambo analolijua kwa hakika, wenzangu walichagua mapenzi, dawa za kulevya na ajali za barabarani. Mimi nikasema nitaandika kuhusu magazeti yetu na msukosuko wa uchumi wa dunia. Darasa zima likaangua kicheko. Jamaa mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Na wewe dola uliiona wapi?" Kweli, dola sijapata kuishika. Lakini yenyewe ilitushika sisi, tena koo, na magazeti yakiwa papo hapo yanaeleza. Kisa chenyewe ndicho hiki.

Mwaka 2022 nilikuwa darasa la nane. Tarehe 24 Februari mwaka huo Urusi iliivamia Ukraine. Sisi wakati huo wasiwasi wetu ulikuwa KCPE, si Urusi, na mama, ambaye sidhani kama amewahi kuiangalia ramani ya Ulaya, vita hivyo alivijulia kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia. Kila akienda kuujaza anarudi na bei mpya. Kisha unga wa ngano nao. Kisha makaa, kwa sababu lori linaloleta makaa halitembei kwa maji.

Mama hakupandisha bei mara moja. Alipunguza donge. Mandazi yetu yaliuzwa shilingi tano, na shilingi tano yakabaki, ila yakawa yanapungua wiki baada ya wiki mithili ya mgonjwa. Wateja wetu wengi ni watu wanaokwenda Viwandani kwa miguu kutafuta vibarua. Nauli ya matatu kwao ni chakula cha mchana. Hao hawadanganyiki. "Mathee, hii mandazi ilikonda ama ni macho yangu?" mmoja akauliza, na wenzake wakacheka, na mama naye akacheka, lakini usiku nilimsikia akihesabu sarafu mara tatu. Mwezi wa Juni akachoka kuficha. Akarudisha ukubwa wa zamani na kutangaza bei mpya: shilingi kumi.

Walinung'unika, wakanunua. Hayo yangalipita.

Sasa njoo mwezi wa Julai. Tarehe 20 serikali ilitangaza kwamba pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ishuke kutoka shilingi 205 hadi shilingi 100, kwa ruzuku. Watu walikimbilia madukani, lakini wapi! Wenye maduka wakasema unga wa bei hiyo haujawafikia. Uchaguzi ulikuwa umebaki wiki tatu hivi, kila mtu ana hasira na kila mtu anatafuta wa kumkasirikia. Katika siku hizo hizo, asubuhi moja, fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alifika kibandani kwetu na gazeti jipya mkononi. Alijua napenda kusoma. Akaniambia, "Wewe msomi, hebu tusomee hapa, kuna kiza."

Mpenzi msomaji, nani asiyependa kuitwa msomi? Nilifuta mikono yenye unga, nikalisogeza gazeti karibu na jiko, nikaikaza sauti kama marehemu Leonard Mambo Mbotela enzi zake redioni. (Mtaa wetu una jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1952, na mtangazaji alikuwa wa ukoo huo huo, kwa hiyo nilijiona nina haki ya kuiga.) Nikasoma. Habari ilikuwa ya maonyo. Ilisema wafanyabiashara walaghai wanatumia kisingizio cha vita vya Ukraine kupandisha bei na kuwanyanyasa wananchi, na kwamba watachukuliwa hatua. Nilisoma vizuri sana. Nilituama penye nukta, nikapumua penye mkato. Nilipofika neno "walaghai" nililivuta kidogo ili linoge.

Nilipoinua macho, watu wanane au tisa walikuwa wamenyamaza, na wote hawanitazami mimi. Wanamtazama mama.

"Kumbe ni nyinyi," akasema mmoja. Mwingine, kijana ambaye mama alikuwa humkopesha mpaka mwisho wa wiki, alirudisha mandazi mawili kwenye sinia bila kusema neno. Fundi alijaribu kufanya mzaha, haukushika. Siku ile tulirudi nyumbani na nusu ya sinia, siku iliyofuata vivyo hivyo, na siku ya tatu kukatokea mama mwingine hatua hamsini kutoka kwetu anayeuza mandazi ya shilingi tano, madogo kama vifungo vya koti, na wateja wakaenda huko. Mandazi tuliyala asubuhi, mchana na jioni hadi leo harufu yake inanikinai. Mchango wa chama mama hakuupeleka wiki hiyo, wala iliyofuata, na zamu yake ya kupokea, ambayo ilikuwa ndiyo pesa za sare yangu ya sekondari, ikapewa mwingine.

Mama hakunichapa. Kwa nini anichape? Nilikuwa nimesoma tu. Alisema neno moja jioni, akiwa anasugua karai kwa majivu: "Umenisomea hukumu, mwanangu, na ukaisoma vizuri." Sikulala.

Nilikaa na jambo hilo moyoni bila kujua kosa liko wapi. Gazeti halikusema uongo. Nina hakika wako wafanyabiashara waliofanya ulaghai mwaka ule, na kuwaonya si vibaya. Mimi nami sikuongeza neno. Basi mama alihukumiwaje?

Jibu nililipata kidato cha pili, katika somo ambalo wengi wenu mlikuwa mkisinzia: kauli za vitenzi. Mwalimu aliandika ubaoni: panda, pandisha, pandishwa. Akauliza, katika sentensi ya kwanza mtenda ni nani? Nikainua mkono, lakini mawazo yangu hayakuwa darasani. Yalikuwa kwenye bunda la magazeti chini ya jiwe.

Jioni ile nikaanza kupekua. Sina maktaba, nina kurasa za kufungia mandazi tu, kwa hiyo nisemayo ni ya kurasa hizo, na mwenye nyingi zaidi anisahihishe. Nilichukua daftari nikagawa ukurasa katikati kwa mstari. Upande mmoja nikaandika vichwa vya habari ambamo bei inafanya kazi yenyewe: bei ya mafuta yapanda, gharama ya maisha yazidi, shilingi yadhoofika, uchumi wayumba. Upande wa pili nikaandika vile ambavyo vina mtu anayefanya: wafanyabiashara wapandisha, wauzaji waficha, makanga waongeza nauli.

Hebu itazame orodha hiyo ya kwanza. Bei ya mafuta yapanda. Inapanda yenyewe? Bei ina miguu? Shilingi yadhoofika, kama mtu aliyekula kitu kibaya, na hakuna anayeulizwa alikula kwa nani. Uchumi wayumba kama mlevi, na baa haitajwi. Zaidi ya hayo pana zile sitiari ambazo sisi wa Chama cha Kiswahili tungezipigia makofi: tufani ya uchumi, mtikisiko wa masoko, mawimbi ya mfumuko wa bei. Ni nzuri kusikika, lakini tufani ni kazi ya Mungu, na sijasikia mtu aliyeishtaki tufani mahakamani. Mambo makubwa, ya benki, ya serikali na ya makampuni yanayosafirisha mafuta kwa meli, yaliandikwa kwa vitenzi visivyo na mwenyewe. Mtu mdogo ndiye aliyepewa mikono.

Mama nilipomweleza alisikiliza, kisha akauliza, "Huo mfumuko ni kama kuumuka?" Alikuwa ameshika donge la unga. Nikasema hapana, kufumuka ni kama mshono unapoachia. Akafikiri. "Afadhali ungekuwa kuumuka," akasema. "Unga unaoumuka najua nani katia hamira."

Sasa msomaji mwenye haki atauliza: vita havikuwa kweli? Vilikuwa kweli kabisa, na hapa ndipo magazeti yangetusaidia sana. Ngano tunayokula Kenya kwa sehemu kubwa hutoka ng'ambo, na kabla ya vita Urusi na Ukraine zilikuwa miongoni mwa wauzaji wetu wakuu. Bandari za Ukraine kwenye Bahari Nyeusi zilifungika hadi makubaliano ya Istanbul ya tarehe 22 Julai 2022 yalipoziruhusu meli za nafaka kupita. Mafuta ya kupikia nayo yana safari ndefu zaidi. Yale ya mama ni ya mawese, na mawese tunayonunua hutoka hasa Malaysia na Indonesia. Ukraine ilikuwa muuzaji mkubwa wa mafuta ya alizeti. Yalipokosekana, dunia nzima ikakimbilia mawese. Indonesia ikaona watu wake wenyewe wataumia, ikazuia kuuza mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei. Ndiyo maana mwezi wa Mei mama alirudi na mtungi nusu. Safari hiyo nzima niliipata kwenye kipande kimoja cha ukurasa wa ndani, herufi ndogo, miezi mingi baadaye, tayari kina doa la mafuta ya mawese juu yake. Kama fundi angeniletea kipande hicho asubuhi ile badala ya kile, yule kijana asingerudisha mandazi.

Lakini mahindi je? Hapa nataka tuwe makini. Mahindi yetu hatuyaleti kutoka Ukraine. Tunayalima wenyewe, na yakipungua tunanunua Tanzania na Uganda. Mwaka 2022 mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu, hasa kaskazini na mashariki ya nchi, na watu na mifugo walikuwa wanakufa njaa huko. Vita vilichangia, ndiyo, kupitia mbolea, kwa kuwa Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani; mfuko wa kilo 50 ulifika karibu shilingi 6,500 kabla ya serikali mpya kutangaza bei ya ruzuku ya shilingi 3,500 mwezi wa Septemba. Hata hivyo katika vinywa vya watu, na katika kurasa nyingi nilizosoma, ukame, mbolea, ruzuku na kila kitu kilitiwa kwenye gunia moja lililoandikwa Ukraine. Jina la mbali lina manufaa yake. Halipigiwi kura hapa, wala halijibu barua.

Sitaki kuyapaka magazeti matope yote. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule, magari yalipopanga foleni kwenye vituo vya petroli, magazeti yalifanya kazi safi. Serikali ilisema kampuni zinaficha mafuta. Kampuni zikasema zinaidai serikali pesa za ruzuku. Pande zote mbili zilichapishwa, kila upande na jina lake na madai yake, na sisi tuliosubiri matatu hadi usiku tukajua angalau tuwalaani kina nani. Kwa hiyo kuandika hivyo kunawezekana. Sijui kwa nini kunawezekana kwa petroli na hakuwezekani kwa mandazi. Labda ni kwa kuwa mwenye kampuni ya petroli hupigiwa simu na mwandishi aulizwe upande wake. Mama hajapigiwa.

Babu yangu, baba yake mama, ambaye alikuwa karani wa reli na sasa anakaa nasi, hapendi nikiyasema haya. Yeye ni mtu wa magazeti. Pesa zikiwepo hununua la Jumapili. Zisipokuwepo huenda kwa muuza magazeti pale barabarani, akasimama na wazee wenzake mikono nyuma, wakasoma vichwa vya habari bure na kubishana hadi muuzaji awafukuze. Taifa Leo ndilo analolipenda, maana ndilo gazeti letu la kila siku la Kiswahili, ila analilaumu kwamba kurasa zake za uchumi ni nyembamba ukilinganisha na za ndugu zake wa Kiingereza. "Yaani mwenye Kiingereza ajue kesho bei itapanda, na mwenye Kiswahili ajue jana ilipanda," husema.

Chini ya kitanda ana sanduku la bati. Nilimwomba anifungulie. Ndani mlikuwa na gazeti la Novemba 2008, lenye picha kubwa ya Barack Obama, ambalo familia nyingi za hapa mtaani zililihifadhi. Obama alichaguliwa tarehe 4 Novemba, na tarehe 6 Kenya nzima ikapewa likizo. Nililifungua taratibu, maana lilikuwa limeanza kuwa la kahawia kama chai. Sikutafuta Obama. Nilitafuta kurasa za ndani.

Ninyi wenzangu mlikuwa hamjazaliwa, nami pia, basi nieleze. Tarehe 15 Septemba 2008 benki kubwa ya Marekani iitwayo Lehman Brothers ilifilisika, na baada yake masoko ya dunia nzima yakaporomoka kama kuta za udongo wakati wa masika. Kwetu, mwaka ule ulikuwa tayari mbaya, kwa ajili ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wakubwa walitutuliza kwamba benki zetu hazikuwa zimejifunga na zile za Marekani, kwa hivyo tufani hiyo itapita mbali. Benki zetu kweli hazikuanguka. Msukosuko ukaingia kwa milango mingine ambayo haikuwa na bawabu: watalii wakapungua, wanunuzi wa maua yetu Ulaya wakabana mikoba, jamaa zetu walioko ng'ambo wakatuma kidogo, na wageni waliokuwa wamenunua hisa katika Soko la Hisa la Nairobi wakaziuza waende zao. Kipimo cha soko hilo cha kampuni 20, ambacho katikati ya mwaka 2008 kilikuwa juu ya 5,000, mapema mwaka 2009 kilikuwa chini ya 3,000.

"Nawe ulikuwa na hisa, Babu?" niliuliza, nikicheka, maana kwetu na hisa ni mbingu na ardhi.

Hakucheka. Alikuwa nazo. Alikuwa ametia sehemu ya malipo yake ya uzeeni katika hisa za kampuni moja ambayo sitaitaja, kwa sababu kila gazeti alilofungua mwaka ule lilisema hisa, hisa, hisa. Bei ilipoanza kushuka alisoma kwamba ni jambo la muda, na kwamba sisi tuko mbali na tufani, akangoja. Bibi akaugua. Mapema 2009 akauza kwa hasara ili alipe hospitali. Bibi hakupona. Mama alikuwa ameolewa wakati huo, na hakuambiwa habari ya hisa mpaka jioni hiyo tuliyofungua sanduku, na mimi nilitamani ningalilicha limefungwa.

"Magazeti yalikudanganya," nikamwambia.

"Hapana," akasema. "Yaliniambia alichosema mkubwa. Sikuuliza mkubwa yeye hisa zake ameziuza lini." Kisha akalikunja gazeti la Obama kwa mikunjo ile ile ya zamani na kulirudisha. Hata baada ya hayo yote hakubali nilifungie mandazi.

La mwisho ni la juzi juzi. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 na zaidi. Kila gazeti lilikuwa na shilingi mgonjwa. Nchi ilikuwa inadaiwa dola bilioni 2 za yurobondi iliyochukuliwa mwaka 2014, na siku ya kulipa ilikuwa Juni 2024. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 mpya ili kununua sehemu ya deni hilo la zamani, na katika wiki chache shilingi ikapata nafuu hadi karibu na 130. Magazeti yakashangilia. Mimi nilimwambia mama kwa furaha, shilingi imepona! Akaniuliza, "Muuza mafuta anajua?" Nikaenda dukani kwa miguu yangu. Hakuwa anajua. Bei zikipanda hupanda kwa siku moja, lakini kwenye kushuka huwa zimesahau njia, na habari hiyo ya kusahau njia sikuiona kwenye ukurasa wa kwanza.

Wiki hiyo ndipo nilipofanya jambo ambalo wenzangu wa Mbotela wameliona na wengine wamelicheka. Nilichukua ubavu wa boksi la maziwa ya pakiti, nikauandika kwa kalamu nene, nikauning'iniza kibandani. Juu niliandika bei ya mandazi. Chini yake nikaandika pesa tulizolipa wiki hiyo kwa unga, kwa mafuta, kwa sukari na kwa hamira, nikagawanya kwa idadi ya mandazi, nikaonyesha mama anabaki na senti ngapi kwa kila moja. Na kwenye kila kitu niliandika kinakotoka: ngano ng'ambo, mawese Malaysia au Indonesia. Mama aliogopa. Alisema siri ya biashara haianikwi kama nguo. Babu akasema acha, hilo ni gazeti kama magazeti mengine, tena halina matangazo.

Siku ya kwanza watu walipita. Siku ya pili yule fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akinunua kwingine, alisimama. Kulikuwa bado na kiza, akawasha tochi ya simu. Alilisoma boksi lote kutoka juu hadi chini, midomo ikitikisika, akarudia tena zile hesabu. Mimi nilijifanya nakata unga. Mama alijifanya anageuza mandazi ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

"Umekosea," akasema hatimaye.

"Wapi?"

"Hujaandika makaa."

Nikatafuta kalamu.